Nyumba ya Ilazo iliyouzwa kabla ya mvua: kisa kimoja cha Dodoma

Kisa hiki ni cha mwalimu mstaafu na mkewe waliouza nyumba yao Ilazo, jijini Dodoma, katika miezi ya mwisho ya mwaka 2023. Mimi niliingia kama mthamini. Wote wameniruhusu kukieleza, nami nimebadilisha mambo madogo madogo ili wasitambulike mtaani. Nimekichagua kwa sababu nyumba yenyewe haikuwa na shida kubwa, bei haikuwa ya ajabu, na wanunuzi walikuwepo. Kilichokaribia kuvunja biashara ni vitu viwili ambavyo kiangazi cha Dodoma huvificha vizuri sana: maji ya mvua na karatasi zilizolala kabatini.

Nyumba ina vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, jiko, stoo, ukuta na geti, kwenye kiwanja cha mita za mraba 600 hivi. Mwalimu alipewa kiwanja mwaka 2006 na iliyokuwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, yaani CDA, akajenga kidogo kidogo kwa mshahara na mikopo ya chama cha kuweka na kukopa, wakahamia nyumba ikiwa bado haina dari. Mwaka 2023 watoto walikwisha kutawanyika. Wazee walitaka kurudi kwao Mpwapwa, ambako walikuwa na nyumba nyingine iliyosimama kwenye lenta na shamba lililohitaji kulimwa kabla ya msimu. Kwa hiyo hesabu yao ilikuwa rahisi: kuuza Septemba au Oktoba, kupaua Mpwapwa Novemba, mvua iwakute wako ndani.

Kwa nchi za kaskazini kama Uingereza na Marekani, miezi hiyo hiyo ni majira ya majani kupukutika, na wauzaji huko hukimbizana kumaliza biashara kabla baridi haijawafungia wanunuzi majumbani. Sisi hatuna majira hayo, lakini mbio tunazo. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na kinachotangulia ni upepo, vumbi na joto la Oktoba. Mambo matatu huifanya miezi hii iwe ya kuuza. Watoto wa shule wanaanza mwaka mpya Januari, hivyo mtumishi aliyehamishiwa Mtumba, uliko Mji wa Serikali, anataka kujua atakaa wapi kabla ya Desemba. Wakulima wa alizeti na nafaka wa Kongwa na Kibaigwa wameshauza, na zabibu za Agosti na Septemba zimeshalipwa. La tatu ndilo ambalo madalali hulisahau: mtu asiyeanza kujenga hadi Oktoba hawezi tena kupaua kabla ya mvua, kwa hiyo nyumba iliyokwisha inapanda thamani machoni pake kila wiki inayopita. Mwuzaji mwenye subira kidogo ana nguvu Oktoba kuliko Julai, mradi karatasi zake ziko tayari.

Za Mwalimu hazikuwa tayari.

Alichokuwa nacho ni hati ya CDA ya miaka 33, ya mwaka 2006. CDA ilivunjwa Mei 2017, shughuli zake zikaenda kwa halmashauri, na ikaelekezwa kwamba wananchi wapate hati za miaka 99 badala ya zile za 33. Wengi walikwenda kubadilisha, naye Mwalimu hakwenda. Hakuwa mzembe. Nyumba ilikuwa yake, hakuna aliyemsumbua, na hati iliyolala ndani ya bahasha ya kaki haimwamshi mtu usiku. Pango la ardhi, yaani ada ya kila mwaka ya kiwanja, nalo alilipa miaka michache ya mwanzo, kisha akaacha kwa sababu hakuna aliyemletea ankara. Ninaona hali hii kwa wastaafu wengi wa Dodoma na inanisikitisha, maana ni watu waliofuata utaratibu wote wa awali, kisha utaratibu ukabadilika wakiwa wamekaa.

Dalali alipokuja Agosti hakuuliza habari za hati. Alipiga picha, akaandika "milioni 95, maongezi yapo", akazisambaza. Kijana wao mkubwa anayefanya kazi Mwanza akaiona nyumba ya kwao kwenye kundi la WhatsApp kabla wazazi hawajamwambia, akapiga simu kwa hasira. Ilichukua siku kadhaa na shangazi mmoja kumtuliza. Kisheria ridhaa iliyohitajika ilikuwa ya mke, kwa kuwa kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamzuia mwenza mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na Mama alikwisha kuridhia. Hata hivyo watoto wazima wanaostukizwa wanaweza kuiharibu biashara kwa namna ambazo sheria haizifikii, ikiwemo kumwambia mnunuzi aliyesimama getini kwamba nyumba ina mgogoro.

Wanunuzi wa kweli walibaki wawili. Wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa alizeti kutoka Kibaigwa. Alitoa milioni 70, taslimu, wiki ile ile, kwa mkataba ulioandikwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa, mambo ya hati "tutayamaliza baadaye". Wa pili alikuwa mama mtumishi wa umma, mwenye watoto wawili, anayefanya kazi Mtumba. Alitoa milioni 82 baada ya kuvutana, lakini sehemu kubwa ingetoka benki kwa mkopo wa nyumba. Asingeweza kuziba pengo hilo kwa mkopo wa kawaida wa mshahara, kwa sababu mtumishi lazima abakiwe na theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato, na yeye alikuwa na makato mengine tayari.

Mwalimu alielekea kwa mtu wa alizeti. Mtu mwenye miaka zaidi ya sitini, anayeona mawingu ya kwanza yakijikusanya upande wa mashariki huku Mpwapwa hakuna bati hata moja, ana haki ya kutamani fedha ya leo. Nilichomwambia nitakirudia hapa, kwa sababu bado nakiamini. Mkataba wa mtaa kwa nyumba yenye hati unahamisha funguo tu, milki inabaki palepale. Jina lingeendelea kuwa la Mwalimu kwenye daftari la ardhi, pango lingeendelea kumdai yeye, na kodi ya mauzo ingemsubiri siku mnunuzi atakapokumbuka kuhamisha, pengine wakati yeye mwenyewe hayupo na watoto ndio wanaoulizwa.

"Lakini mwanangu," aliniambia, "huyo wa benki atanilipa lini?"

Sikuwa na jibu zuri. Benki yake ilisema wazi kwamba haikopeshi kwa hati ile. Hati ya 2006 ya miaka 33 inaisha 2039, na mkopo wa miaka 15 ulioanza 2023 ungeisha mwaka mmoja tu kabla yake. Hakuna benki inayotaka dhamana inayoyeyuka sambamba na deni. Ilibidi kwanza hati ibadilishwe, pango lilipwe pamoja na malimbikizo, ndipo uhamisho uombwe, kisha rehani iandikishwe. Kila hatua ina foleni yake. Yote haya yangeweza kufanywa mwezi wa tano, wakati hakuna anayekimbizana na mvua.

Nilipokwenda kukagua nyumba kwa ajili ya uthamini wa benki, nilikuta jambo jingine. Ukuta wa nyuma ulikuwa umepakwa rangi mpya kuanzia chini hadi kwenye tofali la tatu hivi, na juu ya hapo rangi ilikuwa ile ya zamani iliyopauka kwa jua. Mtu hapaki rangi nusu ya ukuta wa nyuma kwa ajili ya urembo. Nikamuuliza Mwalimu, akamtazama mkewe. Mama ndiye aliyejibu: katika mvua kubwa za msimu wa 2019/2020 maji yalitoka kiwanja cha juu, yakajaa uani, yakaingia stoo na jikoni. Baada ya hapo walichimba mtaro pembeni ya ukuta, wakaujengea kwa mawe, na maji hayakuingia tena. Rangi ilikuwa wazo la dalali. "Mimi sikuitaka," alisema Mama. "Yule binti ana watoto. Maji yakimwingilia usiku atasema nini juu yetu?"

Hapa ndipo kiini cha kisa kilipo. Anayenunua nyumba Dodoma kati ya Septemba na Novemba anaiona katika hali yake mbaya kwa upande mmoja na katika hali yake ya udanganyifu kwa upande mwingine. Anaona vumbi kwenye madirisha, bustani iliyokauka, na mgao wa maji ukiwa mkali, kwa hiyo atauliza habari za tangi na ratiba ya bomba, na mwuzaji atajibu bila shida kwa sababu tangi linaonekana. Mtaro, mwinuko wa kiwanja cha jirani, bati linalovuja, na udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka hadi kuta zipate nyufa, vyote vimelala. Havitaamka mpaka mnunuzi awe ameshalipa. Mwaka 2023 hofu hiyo ilikuwa kubwa kuliko kawaida, kwani Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza uwezekano wa El Niño, na kila mtu alikuwa akiitazama nyumba kwa jicho la mvua.

Dalali alishikilia kwamba mnunuzi asiambiwe. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Alisema mtaro upo, unaonekana, maji hayajaingia kwa misimu mitatu, sasa kwa nini kumtisha mtu? Tatizo ni kwamba misimu hiyo mitatu nyumba haikupata mvua kama ile ya 2020, kwa hiyo mtaro ulikuwa haujajaribiwa. Kusema "hayajaingia tena" ilikuwa kweli ya nusu. Tena mimi nilikuwa naandika ripoti ya uthamini, na alama ile isingeweza kukosekana humo. Mama alimpigia mnunuzi mwenyewe siku iliyofuata, akamweleza kila kitu, akamwalika aje na fundi wake.

Fundi alikuja na mpira wa maji wa kupimia usawa. Alipima kutoka kona ya juu ya kiwanja hadi mtaro unapotokea barabarani, akaridhika kwamba mteremko upo, ila akasema sehemu moja karibu na tangi mtaro ni mwembamba na kona yake ni kali. Hakuweza kuahidi kitu. Hapo biashara ingeweza kufa kwa njia ya kawaida, yaani mnunuzi kusema anafikiria kisha kutopokea simu.

Iliokolewa na wakili wa mnunuzi, kwa wazo alilolitoa kwenye mikataba ya ujenzi. Kwenye ujenzi mwenye kazi hubakiza sehemu ya malipo ya mkandarasi kwa kipindi fulani, ili kasoro zikijitokeza kuwe na fedha ya kuzirekebisha. Akapendekeza bei iwe milioni 80, na kati ya hizo milioni 4 zibaki kwenye akaunti ya wakili hadi mwisho wa Februari 2024. Maji yakiingia ndani ya nyumba kabla ya hapo, gharama ya kurekebisha mtaro itolewe humo. Yasipoingia, zote ziende kwa Mwalimu. Milioni 60 zingetoka benki baada ya uhamisho na rehani kuandikishwa. Zilizobaki, milioni 16, mnunuzi angelipa kutoka akiba yake: 8 siku ya kusaini kama kishika uchumba, na 8 siku maombi ya uhamisho yatakapopokelewa ofisi ya ardhi.

Mpango huu ulimpa kila mmoja alichohitaji wakati alipokihitaji. Mwalimu hakuhitaji milioni 80 Oktoba. Alihitaji fedha ya mbao, bati, misumari na trekta. Mnunuzi hakuhitaji nyumba isiyo na historia, alihitaji kujua nani atalipa historia ikijirudia. Mkataba ulisainiwa katikati ya Oktoba, milioni 8 zikalipwa benki kwa benki, na Mpwapwa wakaanza kupaua. Hatua hiyo ilinitia wasiwasi, maana kishika uchumba kilichogeuzwa kuwa bati hakirudishiki, na benki ikikataa mkopo Mwalimu angedaiwa fedha asiyokuwa nayo. Wakili aliweka kifungu kwamba ikitokea hivyo atarejesha ndani ya miezi sita, baada ya kupata mnunuzi mwingine. Bila kifungu hicho nisingelala.

Mwenyekiti wa mtaa aliposikia alitaka asilimia 10 ya mauzo. Kwa nyumba yenye hati, uhamisho unafanyika ofisi ya ardhi, na dai hilo halina msingi wa kisheria. Aliambiwa hivyo kwa heshima, akaacha.

Kwenye kodi ndiko Mwalimu alikokuwa na hofu kubwa, kwa kuwa mtaani aliambiwa serikali itachukua robo. Mambo yalivyo ni haya. Mkazi anayeuza nyumba hutozwa asilimia 10 ya faida, yaani tofauti kati ya bei na gharama zenye ushahidi. Nyumba ya kuishi, ambayo mtu ameimiliki na kuishi humo kwa miaka mitatu au zaidi, husamehewa faida ikiwa haizidi milioni 15, na ya Mwalimu ilizidi. Lakini yeye hakuwa na risiti. Nani aliyejenga kwa mifuko mitano mitano ya saruji tangu 2007 anazo? Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka njia kwa watu wa aina yake: mkazi asiye na kumbukumbu za gharama hulipa asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Uthamini ulioidhinishwa ulikuwa chini kidogo ya bei, hivyo akalipa asilimia 3 ya milioni 80, yaani 2,400,000. Mnunuzi alibeba ushuru wa stempu, karibu asilimia 1. Viwango hivi huweza kubadilika kila Julai, kwa hiyo anayeuza mwaka huu aulize mamlaka ya mapato kabla hajapanga bei yake.

Maombi ya kubadilisha hati yalikuwa yamepelekwa Septemba, nilipowasihi waanze kabla hata ya kuchagua mnunuzi. Hati mpya ilitoka Januari. Katikati yakatokea maporomoko ya tope ya Katesh, Hanang, 3 Desemba 2023, na mnunuzi akanipigia simu akitetemeka, akiuliza kama Ilazo ina mlima wa namna ile. Nilimweleza kwamba Katesh iko chini ya Mlima Hanang wenye zaidi ya mita 3,400, wakati tatizo la Ilazo ni maji yanayotiririka kutoka kiwanja cha jirani. Alitulia, ila nadhani kama asingekuwa na zile milioni 4 kwa wakili, angejitoa siku ile.

Kulikuwa na Januari ya kuvuka. Watoto wake walianza shule, hati ilikuwa bado, na wazee walikwisha kuhamia Mpwapwa chini ya bati mpya. Wakaandika mkataba tofauti wa upangaji, laki mbili na nusu kwa mwezi, ukitamka kwamba anaingia kama mpangaji na kwamba umiliki utahama siku ya uandikishaji tu. Karatasi hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana. Mtu akiingia ndani bila hadhi iliyoandikwa na biashara ikavunjika, kumtoa ni kesi.

Mvua kubwa ilikuja wiki ya mwisho ya Januari. Mtaro ulifanya kazi, isipokuwa pale pale fundi alipoonyesha. Maji yalifurika kwenye kona ya tangi, yakaenea uani, yakafika kizingiti cha jikoni na kuishia hapo. Mnunuzi alitumia laki sita kupanua kona na kuizungushia zege, kisha akadai zitoke kwenye ile milioni 4. Mkataba ulisema "ndani ya nyumba", na maji hayakuingia ndani. Kwa maandishi Mwalimu alikuwa salama. Mama ndiye aliyesema wagawane, laki tatu kila mmoja, na Mwalimu akapokea 3,700,000 mwishoni mwa Februari. Milioni 60 za benki ziliingia Machi.

Baada ya kodi, dalali aliyekubali asilimia 3, malimbikizo ya pango na gharama za hati vilivyofika kama milioni 1.6, na ile laki tatu, kisha kuongeza kodi ya upangaji ya miezi miwili aliyolipa mnunuzi, wazee walibaki na milioni 73.8. Kwa mtu wa alizeti, baada ya asilimia 3 ya dalali, wangebaki na milioni 67.9 na jina lao likiendelea kudaiwa. Dalali bado anasema kwamba bila simu ya Mama tungepata 82. Sikubaliani naye, kwa sababu ripoti yangu ingeonyesha alama ile kwa benki hata hivyo, na mnunuzi angeisoma akiwa amedanganywa tayari.

Yule wakili ameshabadilisha kifungu chake. Katika mikataba anayoiandika sasa kwa nyumba za Dodoma zinazouzwa kiangazi, hasemi tena "ndani ya nyumba". Anataja kizingiti, uani, tangi na msingi, kila kimoja kwa jina, na anaambatisha picha za mtaro zilizopigwa siku ya kusaini.